Kutoka Tanga Hadi Wete kwa Tanga: Fizikia ya Usiku Mmoja Baharini

Mwanafunzi akiifungua ramani ya pwani ya Afrika ya Mashariki na kuweka rula juu yake, ataona kwamba mji wa Tanga na mji wa Wete, ulioko upande wa magharibi wa kisiwa cha Pemba, iko karibu katika latitudo moja, yaani kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Umbali baina ya miji hiyo ni kama maili 35 za baharini. (Maili ya baharini ni mita 1,852, nayo ndiyo tutakayoitumia katika makala hii yote.) Kwa mwenye rula, basi, safari hiyo ni jambo jepesi: elekeza omo ya chombo mashariki, shika usukani barabara, na kwa mwendo wa maili 5 kwa saa utafika baada ya saa 7.

Lakini chombo cha tanga kikifanya hivyo katika majira ya kusi, yamkini nahodha wake hataiona Wete, na huenda asiione Pemba yenyewe. Baina ya bara na kisiwa hicho kuna mlango wa bahari wenye kina cha mita 800 hivi, na ndani yake hupita mkondo wa maji uendao kaskazini mwaka mzima. Wataalamu huuita Mkondo wa Pwani ya Afrika ya Mashariki. Wakati wa kusi mkondo huu husukumwa na upepo, na mwendo wake huweza kukaribia maili 4 kwa saa. Wakati wa kaskazi, upepo unapoukabili, hupungua sana. Tukichukua kadiri ya maili 2 kwa saa, chombo chetu cha rula kitakuwa kimesukumwa maili 14 kuelekea kaskazini katika saa 7 zile. Sasa, Ras Kigomasha, ambayo ndiyo ncha ya kaskazini ya Pemba, iko kama maili 11 tu kaskazini mwa Wete. Maana yake ni kwamba chombo kitapita nje ya ncha ya kisiwa, gizani, na mbele yake hakuna ila bahari kuu.

Manahodha wa pwani yetu wameuvuka mlango huu kwa karne nyingi bila ramani wala rula. Nilitamani kujua wanafanyaje. Usiku wa tarehe 28 Septemba 2019 nilipata nafasi hiyo, nilipofuatana na rafiki yangu niliyesoma naye shule ya sekondari, ambaye leo ni nahodha wa mashua ya urefu wa mita 9. Kwake ilikuwa safari ya kawaida. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza kulala baharini katika chombo cha tanga. Tulikuwa watu wanne: nahodha, mabaharia wawili, na mimi. Tulipatana jambo moja la majaribio. Nilichukua kipokezi kidogo cha setilaiti kionyeshacho mahali mtu alipo, nacho kiliachwa kikiandika njia yetu ndani ya mfuko usiopenya maji. Hakuna ambaye angekitazama hadi asubuhi, isipokuwa kwa dharura. Nahodha angeongoza kwa ujuzi wake, nami ningeandika hesabu zangu daftarini. Mashine ingetupa hukumu baadaye.

KWA NINI USIKU?

Mtu asiye wa pwani huenda akauliza: kwa nini kusafiri gizani, na mchana upo? Jibu ni upepo.

Kilo moja ya maji huhitaji kama juli 4,200 za joto ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Kilo moja ya mchanga mkavu huhitaji kama juli 800 tu. Kwa hiyo nchi kavu hupata joto upesi mchana, na hulipoteza upesi usiku, ilhali bahari hubadilika kidogo mno. Alasiri hewa iliyo juu ya nchi hupanuka na kupanda, na hewa ya baharini huja kuchukua nafasi yake. Huo ni upepo wa kutoka baharini. Usiku mambo hugeuka: hewa ya bara iliyopoa huwa nzito, nayo hutiririka kuelekea baharini. Upepo huu wa usiku watu wa pwani huuita umande.

Mwishoni mwa Septemba kusi haijaisha, ingawa imekwisha kupungua ukali. Upepo wenyewe hutoka kusini. Alasiri hujumlishwa na upepo wa baharini, hata ukaonekana kutoka kusini-mashariki. Usiku hujumlishwa na umande, ukatoka kusini-magharibi. Msomaji ataona mara moja faida yake. Chombo kinachokwenda Pemba alasiri kinaelekea karibu na kule upepo unakotoka. Kikienda usiku, upepo humpiga mwenye chombo ubavuni, nao ndio upepo mwema wa safari. Wale wanaorudi Tanga kutoka Pemba huchagua mchana kwa sababu ile ile.

Hata hivyo umande una mpaka wake. Kadiri chombo kinavyoacha ufuo ndivyo nguvu zake zinavyofifia, hata zikaisha kabisa. Jambo hili lina umuhimu katika masimulizi yanayofuata.

MAJI YA KUONDOKEA NA MAJI YA KUFIKIA

Usiku huo ulikuwa wa mwezi mwandamo. Jua na mwezi vilikuwa upande mmoja wa dunia, na mvutano wao ulisaidiana, kwa hiyo yalikuwa maji ya bamvua. Wakati wa bamvua tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Tanga hupita mita 3. Katika siku za namna hiyo maji hujaa kwenye saa 10 jioni, hupwa kwenye saa 4 usiku, na hujaa tena kabla ya alfajiri.

Nahodha alikuwa amekwisha kuyapanga haya bila kuandika lolote. Tuling'oa nanga saa 3 na nusu usiku, maji yakingali yanatoka katika ghuba ya Tanga, nayo yakatusaidia kutoka. Alikusudia kufika Pemba mapambazuko, saa moja hivi baada ya maji kujaa, ili miamba iliyo karibu na kisiwa cha Fundo iwe imefunikwa na maji ya kutosha, na macho yaweze kuona rangi ya bahari. "Sahibu," aliniambia, "kufika mapema si ustadi. Ukifika mwambani na kiza, utakaa nje ukingoje jua, na mkondo haungoji nawe."

TANGA LINAVYOVUTA CHOMBO

Wanafunzi wengi huamini kwamba tanga husukumwa tu na upepo kama karatasi isukumwavyo barabarani. Ingekuwa hivyo, chombo kisingeweza kwenda ila kule upepo uendako. Tanga letu la pembetatu, lililofungwa kwenye foromali iliyoinama, hufanya kazi zaidi ya hiyo. Likikazwa kwa demani mpaka likapata tumbo lililopindika vizuri, huipinda njia ya upepo. Kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton, tanga likiusukuma upepo upande mmoja, upepo nao hulisukuma tanga upande wa pili kwa kani iliyo sawa.

Kani hiyo yaweza kugawanywa sehemu mbili. Moja huelekea mbele, na nyingine huelekea ubavuni. Mkuku wa mashua, pamoja na umbo la mbao zake chini ya maji, huzuia mwendo wa ubavuni kwa sababu ni vigumu kulisukuma ubao pana kupitia maji. Mwendo wa mbele hauzuiwi sana. Kwa hiyo mashua huteleza mbele, mfano wa kokwa bichi linalobanwa baina ya vidole viwili likaruka. Kwa njia hii chombo huweza kwenda hata kwa pembe ya nyuzi 60 hivi na kule upepo unakotoka. Chini ya hapo tanga hupwaya, na hapana budi kubisha.

Sehemu ile ya ubavuni haipotei bure. Hujaribu kukipindua chombo. Kinachoipinga ni uzito uliowekwa chini kabisa, yaani farumi. Tulikuwa na mifuko ya mchanga chini ya sakafu, na nahodha aliipanga mwenyewe kabla ya kukubali mtu yeyote aingie.

HESABU YA DAFTARI

Kabla ya kuondoka nilichora pembetatu ya mwendo, kama ifanyikavyo darasani. Mashua huenda maili 5 kwa saa majini. Mkondo huenda maili 2 kwa saa kuelekea kaskazini. Ili mwendo halisi uwe mashariki barabara, omo lazima ielekezwe kusini mwa mashariki kwa pembe ambayo saini yake ni 2 kwa 5, yaani 0.4. Pembe hiyo ni kama nyuzi 23 na nusu. Mwendo unaobaki wa kuelekea mashariki ni kipeuo cha pili cha 25 kutoa 4, yaani kipeuo cha 21, ambacho ni 4.6 hivi. Maili 35 zikigawanywa kwa 4.6 zatupa saa 7 na dakika 36.

Mwendo wa mashua majini tuliupima kwa njia ya zamani, nayo haigharimu kitu. Baharia mmoja alisimama omoni akatupa kipande cha kumbi la nazi majini, nami nilikaa tezini na saa. Kumbi lilichukua sekunde 3 na nusu kupita urefu wa mita 9. Huo ni mwendo wa mita 2.57 kwa sekunde, na kwa kuwa maili 1 kwa saa ni sawa na mita 0.514 kwa sekunde, mashua ilikuwa ikienda maili 5 kwa saa.

Yafaa msomaji atambue kipimo hiki hakisemi nini. Kumbi na mashua vyote viwili vimebebwa na mkondo ule ule, kama watu wawili wanaotembea ndani ya behewa la gari moshi. Kipimo hutwambia mwendo wa chombo juu ya maji; hakituambii lolote juu ya mwendo wa maji yenyewe. Ndiyo sababu mkondo ni adui asiyeonekana. Chombo hakitikisiki wala hakiinami kwa ajili yake.

AKIBA YA KUSINI

Nilipomwonyesha nahodha pembetatu yangu aliitazama kwa makini kwa taa ya mkononi. Alikubali kwamba pembe ya nyuzi 23 na nusu ni sawa "kwa bahari isiyobadilika." Kisha hakuifuata. Kwa saa mbili na nusu za mwanzo alielekeza omo zaidi ya hapo, nyuzi 32 kusini mwa mashariki, kana kwamba tunakwenda kusini mwa Wete.

Nilimwuliza sababu. Alinijibu kwamba karibu na bara mkondo ni dhaifu na umande una nguvu, kwa hiyo hapo ndipo mahali pa kununua kusini kwa bei rahisi. Katikati ya mlango mkondo huwa na nguvu na upepo hauna ahadi. Chombo kilicho kusini mwa shabaha yake kinaweza kuachia mkondo ukipeleke wakati wowote. Kilichokwisha kusukumwa kaskazini hakirudi kusini ila kwa upepo mzuri, na upepo mzuri si mali ya nahodha.

Hii ni kanuni nzito ya sayansi, ingawa haikusemwa kwa lugha ya vitabu. Katika hesabu yangu makosa ya upande wa kaskazini na ya upande wa kusini yalikuwa na uzito mmoja. Katika bahari halisi hayana uzito mmoja: la kusini hurekebishwa na maji yenyewe, na la kaskazini huongezwa nayo. Mhandisi anayejenga daraja, au daktari anayepima kiasi cha dawa, hukutana na jambo hili hili. Kosa likiwa na madhara makubwa upande mmoja kuliko wa pili, busara ni kusimama mbali na upande wenye madhara.

NYOTA ZA KUONGOZEA

Dira ilikuwapo, lakini kuikodolea macho dira usiku kucha huchosha. Nahodha huitazama mara moja, kisha huchagua nyota iliyo chini mbele yake, akaifuata.

Muda mfupi baada ya kuondoka Kilimia kilichomoza kaskazini-mashariki, na nyuma yetu sayari ya Mshtarii ilikuwa ikishuka magharibi karibu na kundi la Nge. Saa 5 na nusu usiku zikachomoza nyota tatu zilizopangana, ambazo ni mkanda wa kundi liitwalo Jabari. Nyota hizi ziko karibu kabisa na ikweta ya mbingu, kwa hiyo popote duniani huchomoza mashariki halisi. Na kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta ya dunia, hupanda takriban wima, bila kulala sana upande mmoja. Huko Ulaya nyota ichomozayo mashariki huanza mara moja kwenda kulia. Mtu hawezi kuifuata kwa muda mrefu. Kwetu sisi hubaki dira kwa saa mbili nzima. Mabaharia wa nchi za ikweta wamepewa mbingu iliyo rahisi kusomeka.

Nyota ambayo hatukuwa nayo ni ile ya Jaa, yaani nyota ya ncha ya kaskazini. Wasafiri wa majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba waliitumia kupima wamefika wapi, kwa kuwa kimo chake juu ya upeo wa macho hukaribia latitudo ya mahali. Lakini mtu avukapo ikweta kwenda kusini, Jaa huzama. Mwandishi mashuhuri wa elimu ya ubaharia Ahmad ibn Majid, aliyeishi katika karne ya 15, alieleza matumizi ya nyota nyingine nyingi mbali na Jaa. Karibu na saa 6 usiku tuliiona mojawapo ya nyota kubwa za kusini, Suheli, ikitoka upande wa kusini-mashariki.

UPEPO ULIPOLALA

Saa 6 usiku, tukiwa tumekwenda mashariki kama maili 10 na nusu, umande ulitupungukia. Tanga likalegea, foromali ikaanza kugongagonga mlingoti. Tulipima tena kwa kumbi, nikapata kama sekunde 9: maili 2 tu kwa saa.

Hapa ndipo nilipoelewa uzito wa jambo lenyewe. Mwendo wa mashua ulikuwa maili 2 na mkondo maili 2. Rudi kwenye pembetatu: saini ya pembe ingekuwa 2 kwa 2, yaani 1, na pembe ingekuwa nyuzi 90. Ili tusisukumwe kaskazini tungelazimika kuelekeza omo kusini kabisa, na mwendo wa kwenda Pemba ungekuwa sifuri. Pembetatu haifungiki tena. Chombo cha tanga katika hali hiyo hakiongozwi, hubebwa.

Mashine ndogo ya petroli ilikuwa tezini, na mafuta ya saa chache. Baharia mmoja aliitazama, kisha akamtazama nahodha. Nahodha alikataa isiwashwe. Alisema mafuta ni ya kutuingizia mwambani iwapo upepo hautarudi kabisa, na kwamba kwa sasa "tuna kusini ya kutumia." Akaelekeza omo kiasi kusini mwa mashariki, akaketi.

Bahari haikuwa na mwezi, na katika giza lile maji yaliyoguswa na usukani yalimeta rangi ya buluu-kijani. Mwanga huo hutokana na viumbe vidogo sana wa baharini, dainoflajelati, ambao wakitikiswa huunguza kemikali iitwayo lusiferini kwa msaada wa kimeng'enya, na nishati hutoka kama mwanga badala ya joto. Nilitumia mwanga huo kama chombo cha kupimia: mkia wa kumeta nyuma ya usukani ulipokuwa mfupi, mwendo ulikuwa mdogo. Kwa saa moja na nusu mkia ule haukurefuka.

Hatukunena mengi. Nilikuwa nimefanya hesabu ya maili 11 za Ras Kigomasha mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Kila nusu saa ya kungoja ilitugharimu maili 1 ya mkondo.

Saa 7 na nusu upepo ulirudi, safari hii ukitoka kusini, wa bahari kuu yenyewe na si wa bara. Nahodha alikaza demani, akaelekeza omo nyuzi 15 kusini mwa mashariki, ambako ndiko alikoweza kwenda bila tanga kupwaya. Wakati huo Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote usiku, ilikuwa imekwisha kuchomoza karibu sawasawa na omo yetu. Akaishika hiyo. Kumbi likapita mita 9 kwa sekunde 3 na kidogo: maili 5 na nusu kwa saa.

TAA ZA WETE

Kwenye saa 10 alfajiri tuliona taa za Wete kwa mbali. Hazikuwa mbele ya omo. Zilikuwa kushoto kwetu, kwa pembe ya nyuzi 20 hivi. Mtu asiyejua angegeuza omo moja kwa moja kuzielekea. Nahodha hakugeuza. Alinyoosha mkono wake kuzielekea taa, akaulaza ukingoni mwa mashua, akatia alama kwa chaki. Baada ya robo saa alitazama tena. Taa zilikuwa palepale kwenye alama.

Huu ni ukweli wa jiometria unaofaa kufundishwa kila shule. Kitu kikionekana kwa pembe ile ile daima huku umbali ukipungua, mko katika njia ya kukutana. Kama taa zingesogea kuelekea omo na kuvuka kulia, maana yake mkondo ungekuwa unatushinda. Kama zingerudi nyuma kushoto, tungekuwa tumezidisha kusini. Mashua ilitazama upande mmoja na kwenda upande mwingine, na alama ya chaki ndiyo iliyosema ukweli kuliko omo.

Saa 11 na nusu alfajiri, kukiwa kumepambazuka kidogo, tulikuwa nje ya miamba karibu na Fundo. Maji yalikuwa bado mengi. Tuliingia bila kuwasha mashine.

Baada ya kunywa chai nilikifungua kipokezi. Njia yetu, ikifupishwa, ilikuwa hivi. Kuanzia saa 3:30 hadi saa 6:00 usiku tulikwenda mashariki maili 10.6, na kusini maili 4.1, baada ya kutoa sehemu ya mkondo. Kuanzia saa 6:00 hadi saa 7:30, upepo ulipolala, tulikwenda mashariki maili 2.8 tu, na tulisukumwa kaskazini maili 1.8. Kuanzia saa 7:30 hadi saa 11:30 tulikwenda mashariki maili 21.2, na kaskazini maili 2.3. Akiba ya kusini ilikuwa maili 4.1, iliyotumika ni 1.8 na 2.3, jumla 4.1. Nahodha aliifikia shabaha yake akiwa ameimaliza akiba yote, wala hakukopa. Nilipomsomea hesabu hiyo alicheka akasema, "Basi usiku ujao nitaongeza kidogo."

MAFUNZO KWA SHULE ZETU

Bahari hii imewagharimu watu wetu sana. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi, ilizama usiku katika eneo la Nungwi, na mamia ya watu walikufa. Chombo kilichojazwa juu hupandisha kitovu cha uzito wake, na kitovu hicho kikipanda sana, wimbi dogo ambalo lingekilaza chombo kidogo tu hukipindua. Mwanafunzi aliyeelewa kanuni hiyo darasani anaweza kukataa kupanda chombo, na kumkataza mama yake. Hiyo ni elimu inayookoa maisha. Yeyote asafiriye na asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, avae boya, na ahesabu watu kabla ya kuhesabu fedha ya nauli.

Aidha, ujuzi wa manahodha wetu si ushirikina wala bahati. Ni matokeo ya kupima, kulinganisha na kukumbuka, yaani kazi ile ile ifanywayo katika maabara. Siku hizi mashine na setilaiti zimeupunguzia matumizi, na vijana wachache hujifunza. Shule za Tanga, Pangani, Wete, Lamu na Kilwa zina manahodha wazee jirani nazo. Mwalimu wa fizikia au jiografia akimwalika mmoja darasani kwa saa moja, na wanafunzi wakaandika asemayo na kuyapima, watapata somo la vekta ambalo hawatalisahau, na ujuzi huo hautazikwa na wenyewe.

KAZI KWA WANAFUNZI

1. Kwenye karatasi ya miraba, chora njia ya mashua kwa kutumia tarakimu za vipindi vitatu zilizotajwa hapo juu. Tia alama ya Ras Kigomasha maili 11 kaskazini mwa Wete. Kisha chora njia ambayo mashua ingefuata kama ingeelekeza omo mashariki barabara kwa maili 5 kwa saa, katika mkondo wa maili 2 kwa saa.

2. Katika kilele cha kusi mkondo una mwendo wa maili 3 kwa saa. Kwa mashua iendayo maili 5 kwa saa, tafuta pembe ya kuelekeza omo, na muda wa kuvuka maili 35. (Majibu: nyuzi 37 hivi, saa 8 na dakika 45.) Eleza kwa mchoro kwa nini mashua ya maili 2 kwa saa haiwezi kufika Wete katika mkondo huo.

3. Pamoja na mwalimu, pimeni halijoto ya mchanga mkavu na ya maji ya bahari, ziwa au bwawa, kila saa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 2 usiku. Chora grafu mbili katika karatasi moja. Ni saa ngapi mistari hiyo inapokatana, na upepo wa mahali penu ulibadilika lini? Asiende mtu majini peke yake.